Mashauri ya Mbegu na Mahali Yalikozaliwa

Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle aliyeirithi shule yake mjini Athens na kufariki mwanzoni mwa karne ya 3 kabla ya Kristo, aliandika kitabu kirefu kuhusu mimea, na sehemu ya saba ya kitabu hicho aliitengea mboga za bustanini. Humo alihesabu siku. Mrehani huchomoza kama siku ya tatu, saladi siku ya nne au ya tano, tango siku ya tano au ya sita. Seleri ndiyo ya mwisho, siku arubaini, na wengine walimwambia hamsini. Alieleza pia kwamba hesabu hizo hubadilika kwa hali ya hewa, kwa udongo na kwa umri wa mbegu. Anayesia mbegu hizo leo, zaidi ya miaka 2,000 baadaye, atakuta zinafuatana kwa mpangilio uleule: mrehani na saladi mbele, seleri mkiani.

Ushauri wa namna hiyo, uliotokana na kukagua kitalu kila asubuhi na kuhesabu, ndio uliodumu kuliko mwingine. Mwingi ulioanguka ulikuwa wa namna mbili. Kuna uliotangulia kutoa sababu kabla ya kuhesabu. Na kuna uliokuwa sahihi kabisa kwa mmea fulani katika nchi fulani, kisha ukasafirishwa hadi kwenye mmea mwingine na hewa nyingine bila kubadilishwa hata neno moja. Namna hii ya pili ndiyo iliyowatia hasara zaidi wakulima wa bustani wa Afrika Mashariki, kwa sababu maelekezo mengi wanayoyasoma yaliandikwa kwanza kwa ajili ya watu wanaoogopa theluji.

Kuloweka mbegu ni mfano wa zamani wa ushauri uliobeba kweli na uongo pamoja. Columella, Mrumi mzaliwa wa Gades, ambayo leo ni Cádiz ya Hispania, aliandika katika karne ya 1 kwamba mbegu ya tango ikilowekwa kwa maziwa au kwa maji ya asali kabla ya kupandwa, matunda yatakuwa laini na matamu. Kabla yake mshairi Mrumi Virgil alikuwa ameeleza wakulima wanaolowanisha mbegu za jamii ya maharage kwa magadi na mashapo ya mafuta ya zeituni ili punje ziwe nene. Utamu wa tango hautoki kwenye kinywaji kilichopewa mbegu. Hutoka kwenye ukoo wa mbegu yenyewe, jua, maji na rutuba. Hata hivyo, aliyeloweka kwa maziwa alikuwa ameloweka, na mbegu ya tango iliyolowekwa huwahi kuchipua. Mche uliowahi hupata nguvu kabla ya wadudu na magugu, na mwenye bustani akaona mazao mazuri akayasifu maziwa. Hivyo ndivyo ushauri wenye sababu ya uongo ulivyoweza kuishi karne nyingi.

China ilikuwa na matumizi mengine ya maji, yaliyo bora zaidi. Kitabu cha kilimo cha Jia Sixie, kilichoandikwa katika karne ya 6, kinamwonya anayenunua mbegu za liki sokoni azipashe moto kidogo pamoja na maji katika chungu kidogo cha shaba. Zikionyesha kuchipua baada ya muda mfupi ni nzima, zisipochipua zimekufa. Jambo la kushangaza katika maelekezo hayo ni jinsi yalivyo makini kuliko yanavyoonekana. Mbegu za jamii ya vitunguu hupoteza uhai upesi kuliko nyingi nyingine, na zilizokufa hazitofautiki kwa macho na zilizo hai. Jia Sixie alichagua mmea ambao jaribio linahitajika kweli.

Sayansi ya kisasa ilirudi kwenye kuloweka kwa heshima. Mwaka 1973 Heydecker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nottingham walionyesha kwamba mbegu zikipewa maji kwa kipimo, yaani ya kutosha kuamsha shughuli za ndani lakini yasiyotosha kutoa mzizi, kisha zikakaushwa, huota kwa haraka na kwa pamoja zaidi. Katika miaka ya 1990 watafiti walipeleka wazo hilo mashambani India na Zimbabwe kwa njia rahisi: mahindi, mtama na dengu huloweshwa usiku mmoja, hukaushwa juu juu ili zisigandane mkononi, na hupandwa siku hiyo hiyo. Katika maeneo yenye mvua chache, siku mbili tatu zinazookolewa zina thamani kubwa.

Lakini ushauri wa "loweka usiku kucha" unapotolewa kwa kila mbegu, unadhuru. Bamia ina ganda gumu na hufaidika. Giligilani nayo hufaidika, na Theophrastus aliliona hilo alipoandika kwamba huota kwa shida isipoloweshwa. Maharage ni kinyume chake. Yakizamishwa, hasa yaliyokauka sana, huvuta maji kwa kasi kiasi kwamba seli hupasuka, sukari huvuja nje, na kuvu wa udongoni huifuata sukari hiyo. Punje iliyozama pia hukosa hewa. Maharage hutaka udongo wenye unyevu wa wastani, hayataki beseni. Mwenye bustani ambaye maharage yake yameoza ardhini baada ya kulowekwa kwa uangalifu mkubwa hakukosa bidii, alipewa shauri la bamia.

Ushauri ulioenea karibu duniani kote, na wenye watetezi wakali, ni wa kupanda kwa kufuata mwezi. Umbo lake la kawaida ni kwamba mimea inayozaa juu ya ardhi ipandwe mwezi unapokua, na inayozaa chini, kama karoti na vitunguu, ipandwe mwezi unapopungua. Hata hapo waandishi hawakupatana. Thomas Tusser wa Uingereza, ambaye mashairi yake ya kilimo yalichapwa mara ya kwanza mwaka 1557 na kupanuliwa mwaka 1573, aliagiza njegere na maharage yapandwe mwezi unapopungua, na yote mawili huzaa juu. Katika karne ya 20 jambo hili lilipata nguvu mpya Ujerumani kupitia mihadhara ya kilimo ya Rudolf Steiner ya mwaka 1924 na kalenda za kupandia za Maria Thun zilizoanza kutoka miaka ya 1960. Mwaka 2020 kundi la watafiti wa Hispania, likiongozwa na Olga Mayoral wa Chuo Kikuu cha Valencia, lilipitia maandiko ya fizikia na ya biolojia ya mimea likahitimisha kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi wa kutegemewa unaounganisha hatua za mwezi na ukuaji wa mimea shambani. Nguvu ya mvutano inayoinua bahari ni ndogo mno kwa tone la maji lililomo ndani ya mbegu.

Pwani ya Afrika Mashariki ina ushahidi wa aina yake katika jambo hili. Waswahili walifuata mwezi kwa ibada: kufunga Ramadhani, Idi, Maulidi. Kwa kilimo na safari za majahazi walikuwa na kalenda nyingine, ya jua, iliyoanza Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, ambayo Makunduchi kisiwani Unguja bado inaadhimishwa kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Siku ziligawanywa kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo, na kwa kuhesabu miongo watu walijua lini kusafisha shamba, lini kungojea masika na lini vuli. Sababu yake ni ya hesabu tupu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, hivyo mwezi wowote wa Kiislamu huzunguka majira yote katika muda wa miaka 33 hivi. Mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365 bila siku ya nyongeza, uliteleza pia, lakini kwa siku 1 tu kila miaka 4. Watu walioutazama mwezi mwandamo kwa makini kuliko karibu watu wengine wote hawakuukabidhi mbegu zao. Bara nako, Wakikuyu waliyapa majira ya mvua majina ya mazao yenyewe, mvua ndefu kwa jina la njahi, aina ya maharage, na mvua fupi kwa jina la mwere, ambao ni uwele. Huo ni ushauri wa kupanda uliowekwa ndani ya jina, na haukumhitaji mwezi.

Ikiwa mfuasi wa mwezi hupata bustani nzuri, na wengi huipata, faida yake ina asili nyepesi: mwezi humpa ratiba. Asiayo mchicha kila baada ya wiki mbili kwa sababu ya mwezi hula mchicha mchanga mwaka mzima, ambapo jirani yake asiye na ratiba husia wote mara moja na kuuona ukikomaa wote mara moja.

Kuhusu kina, kanuni inayotajwa sana ni kuifukia mbegu mara mbili au tatu ya unene wake. Kanuni hii ni nzuri, na sababu yake ni akiba ya chakula. Chipukizi huishi kwa wanga, mafuta na protini zilizomo ndani ya mbegu mpaka lifike kwenye mwanga. Punje ya hindi inaweza kusukuma kutoka sentimita 5 au zaidi. Mbegu ya mchicha, ambayo gramu 1 tu inaweza kuwa na zaidi ya mbegu 1,000, haina akiba ya safari kama hiyo. Desturi ya kuchanganya mbegu ya mchicha na mchanga mkavu kabla ya kuimwaga kitaluni, kisha kupitisha tawi lenye majani juu ya udongo ili kuifunika kidogo, inastahili sifa zote. Mchanga huitawanya sawasawa, na tawi halizidishi kina.

Mwanga ndiyo sehemu ambayo ushauri wa zamani haukuifikia kabisa. Wakulima walijua kwamba saladi ikifukiwa huota vibaya, na wakadhani ni udhaifu tu. Mnamo miaka ya 1930 Flint na McAlister huko Marekani waliweka mbegu za saladi chini ya rangi mbalimbali za mwanga, wakaona nyekundu inaamsha, na ile iliyo mpakani mwa nyekundu, ambako jicho la mtu linakaribia kuacha kuona, inalaza. Mwaka 1952 Borthwick, Hendricks na wenzao wa kituo cha utafiti cha Beltsville, Maryland, walitoa jaribio lililobadilisha elimu ya mimea. Waliimulika mbegu ya saladi kwa nyekundu, kisha kwa ile ya mpakani, kisha nyekundu tena, mara nyingi mfululizo, na kila mara mbegu ilifuata mwanga wa mwisho. Ndani ya mbegu mlikuwa na swichi. Kemikali iliyo swichi hiyo ilitambuliwa mwaka 1959 na kuitwa fitokromu. Majani ya mimea hufyonza nyekundu na kuipitisha ile ya mpakani, kwa hiyo mbegu iliyo chini ya kichaka hupata habari kwamba juu kuna kivuli na hungoja. Mbegu ndogo isiyo na akiba ina haki ya kuuliza kwanza kama jua lipo.

Kutokana na ugunduzi huo ushauri mpya ulienea: mbegu ndogo zote zisifunikwe. Ukafika Afrika ukakutana na mgagani. Mboga hii, inayoitwa saga na Wakenya wengi, ina mbegu ndogo nyeusi, na kwa kanuni ya saladi ingepaswa kuachwa juu ya udongo. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kinyume: mwanga huizuia kuota, na hufanya vyema gizani katika joto la karibu nyuzijoto 30. Zaidi ya hayo, mbegu ya mgagani iliyovunwa karibuni hulala. Iliyokaa miezi kadhaa huota vizuri kuliko mpya. Hivyo mashauri mawili yanayoaminika sana, "usifunike mbegu ndogo" na "mbegu mpya ndiyo bora", yote hushindwa kwa mboga moja ya kienyeji ambayo walioyaandika hawakuwahi kuipanda. Akina mama wa magharibi mwa Kenya waliokuwa wakihifadhi saga ya msimu uliopita kwa ajili ya msimu unaofuata walikuwa na jibu sahihi muda mrefu kabla ya maabara.

Joto lina kisa kama hicho. Katika vitabu vya Ulaya, mbegu huanzishwa ndani ya nyumba, karibu na dirisha au chini ya kioo, wiki 6 hadi 8 kabla ya jalidi ya mwisho, na karibu kila ukurasa unasisitiza pawe pa vuguvugu. Huko shauri hilo lina busara kubwa, maana majira ya joto ni mafupi na nyanya iliyosiwa nje Machi hufa. Mboga za Ulaya zilipoingia Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, zilienda kwanza kwenye miinuko: Lushoto, Limuru, na Karatina, ambako wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palijengwa kiwanda cha kukaushia mboga za kulisha majeshi. Baridi ya miinuko hiyo ilifanya maelekezo ya Ulaya yaelekee kufaa, nayo yakapita kuwa maelekezo ya nchi nzima. Yalipoteremka hadi Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, yaligeuka kuwa sumu kwa saladi. Mbegu nyingi za saladi hukataa kuota udongo ukizidi nyuzijoto 30 hivi, na nyingine huzidi kulala hata baada ya joto kupungua. Kitalu cha pwani kilichowekwa juani "ili kipate joto" ni njia ya hakika ya kukosa saladi. Hufaa kusia jioni, kwenye kivuli cha makuti, na kumwagilia maji yasiyokaa juani. Pilipili na biringanya, ambazo asili yake ni nchi za joto, hazina tatizo hilo, na kwa hizo hewa ya pwani ni neema ambayo Mwingereza huinunua kwa umeme.

Kitalu chenyewe kina sababu tofauti huku. Hakikimbii theluji. Kinaokoa maji, kwa kuwa ni rahisi kumwagilia mita chache za mraba kuliko shamba zima. Kinarahisisha kivuli na ulinzi dhidi ya panzi na kuku. Kwa hiyo mimea inayochukia kuhamishwa, kama karoti na maharage, haina sababu ya kupitia kitaluni.

Adui mkubwa wa kitalu ni kinyausi, ugonjwa wa kuvu wa udongoni unaokata miche shingoni ikiwa na siku chache tu. Shauri la kuusafisha udongo kwa moto limeukabili katika nchi nyingi. Uingereza lilipata umbo la kisayansi miaka ya 1930 katika taasisi ya bustani ya John Innes, huko Merton, wakati miche ya majaribio ilipokuwa ikifa ovyo. W. J. C. Lawrence na J. Newell waliona kwamba kila mtunza bustani alikuwa na mchanganyiko wake wa siri wa udongo, na karibu yote ilikuwa haina msingi. Walipasha udongo kwa mvuke hadi zaidi ya nyuzijoto 80 kwa muda mfupi tu, wakapata uwiano mmoja wa kusia: sehemu 2 za udongo mzuri wa tifutifu, 1 ya mboji ya kinamasi na 1 ya mchanga, pamoja na mbolea kidogo. Kitabu chao kilitoka mwaka 1939 na mamia ya mapishi ya siri yakapoteza kazi.

Tanzania na majirani zake walizoea kuchoma takataka kavu, pumba za mpunga au kuni juu ya tuta la kitalu kabla ya kusia, hasa vitalu vya tumbaku na vya mboga. Kwa haki, desturi hii hufanya kazi. Huua mbegu za magugu na kuvu wa sentimita chache za juu, na majivu huacha potasiamu. Kasoro yake ni kuni nyingi zinazoteketea kwa faida ya kina kifupi, na kuungua kwa viumbehai ambao wangepigana na kuvu. Tena maelekezo mengi yanaishia kwenye moto bila kutaja maji, na maji ndiyo chanzo kikubwa. "Mwagilia asubuhi na jioni" ni sheria ya kwenye karatasi. Kitalu cha udongo wa mfinyanzi wakati wa masika kikimwagiliwa mara mbili kwa siku huwa shamba la kinyausi. Kusia mbegu kwa mistari yenye nafasi, ili hewa ipite kati ya miche, kumeokoa vitalu vingi kuliko dawa.

Swali la mbegu hudumu miaka mingapi limezaa hadithi tamu kuliko swali lolote la bustani. Katika karne ya 19 Ulaya ilijaa habari za ngano iliyotolewa makaburini Misri ikapandwa na kuota. Hakuna hata moja iliyothibitika, na ngano ya makaburini iliyochunguzwa ilikuwa imekufa. Mambo ya kweli yanastaajabisha kuliko uongo huo. Tende iliyochimbwa Masada, yenye umri wa miaka kama 2,000, iliota mwaka 2005. Mwaka 1879 William James Beal wa chuo cha kilimo cha Michigan alizika chupa 20 zenye mchanga na mbegu 50 za kila aina, aina zaidi ya 20, nyingi zikiwa magugu, ili warithi wake wazifukue moja moja kwa vipindi. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 ilitoa miche 20. Ya mwisho imepangwa kufukuliwa mwaka 2100.

Mifano hii humdanganya mwenye pakiti kuukuu kabatini. Magugu ya Beal yalilala katika udongo baridi wa Michigan, na tende ya Masada ilikaa katika ukame wa kando ya Bahari ya Chumvi. Vitunguu vilivyo katika karatasi jikoni Mombasa havina hali ya namna hiyo. James Harrington wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alitoa kanuni mbili zinazotosha kwa kazi nyingi: unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1, maisha yake ghalani huongezeka maradufu. Joto likipungua kwa nyuzijoto 5, huongezeka maradufu vilevile. Kwa hesabu hiyo, fungu moja la mbegu zilizokauka sawasawa likigawanywa, nusu ikakaa kwenye nyuzijoto 15 Njombe na nusu kwenye nyuzijoto 30 Tanga, ile ya Njombe ingeishi karibu mara 8 zaidi. Tarehe iliyochapwa kwenye pakiti haijui pakiti ilikaa wapi. Jokofu husaidia, ila ndani yake kuna unyevu, na mbegu isiyofungiwa kwenye chupa isiyopitisha hewa huharibika humo polepole.

Wazee waliotundika magunzi ya mbegu juu ya meko walitii kanuni ya kwanza ya Harrington kabla hajazaliwa. Joto la meko lilikausha, moshi ulifukuza fukusi. Waliochanganya maharage na majivu ndani ya kibuyu na kukiziba walikuwa sahihi pia, kwa sharti la kutumia majivu mengi. Majivu hujaza nafasi kati ya punje hadi mdudu ashindwe kutembea, na hukwangua nta inayomlinda asikauke. Kijiko kimoja ndani ya debe hakifanyi lolote. Na hata shauri zuri linaweza kuzeeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati, aligunduliwa Tabora, na baadaye akasambaa sehemu kubwa ya Afrika. Dumuzi hupenda hindi likiwa bado kwenye gunzi, ambako hupata pa kujishikiza anapotoboa. Kuhifadhi kwa magunzi, kulikokuwa hekima kwa vizazi, kukawa kumkaribisha, na mabwana shamba wakaanza kuhimiza mahindi yapukuchuliwe kwanza na kutiwa dawa.

"Nunua mbegu kwa muuzaji mwaminifu" ni shauri lililoandikwa kwa machozi. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na wafanyabiashara walioua mbegu kuukuu kwa joto na kuzichanganya na mbegu nzima za bei ghali. Ziliuawa makusudi ili zisije zikaota zikaonekana ni za aina nyingine. Bunge lilipiga marufuku uovu huo kwa sheria ya mwaka 1869. Mwaka huohuo Friedrich Nobbe, baada ya kukuta mbegu za majani ya malisho zilizojaa uchafu, alianzisha Tharandt, Ujerumani, kituo cha kwanza cha kupima mbegu. Kutokana na kazi hiyo, chama cha kimataifa cha upimaji wa mbegu kiliundwa mwaka 1924. Vyombo vya leo vya kudhibiti mbegu, KEPHIS ya Kenya na TOSCI ya Tanzania, ni vya ukoo huo, na kibandiko cha kukwangua ambacho mkulima wa Kenya hukihakiki kwa ujumbe mfupi kinapambana na hila ileile ya 1869.

Nyumbani, kipimo kinachosifiwa zaidi ni cha maji: zinazozama ni nzima, zinazoelea zitupwe. Kwa mpunga kipimo hiki kimepata heshima ya kweli. Yokoi Tokiyoshi wa Japani alikieneza kuanzia mwaka 1882 kwa maji ya chumvi, ambayo hutenganisha punje nzito na mapepe, na wakulima hupima chumvi kwa kutia yai hadi lielee. Kwa saladi na karoti hakina maana, kwani mbegu zao hubeba hewa na huelea zikiwa hai kabisa. Tena mbegu iliyokufa kwa uzee huzama vizuri kama iliyo hai. Njia ya Nobbe haihitaji kifaa: mbegu 100 kwenye kitambaa kibichi, siku zinazotakiwa, kisha hesabu. Zikiota 60, zimwagwe kwa wingi kidogo zaidi wakati wa kusia. Zikiota 20, pakiti nyingine itafutwe.

Lililobaki ni kuchuma mbegu bustanini mwenyewe, na hapo mashauri mawili yanayopingana husikika kwa sauti sawa: kwamba mbegu ya nyumbani ndiyo pekee ya kuaminiwa, na kwamba mbegu ya dukani haizai tena. Yote mawili yanahitaji jina la mmea. Mbegu chotara si tasa. Biringanya chotara zilianza kuuzwa Japani mwaka 1924, na hindi chotara H611 lilitoka Kitale mwaka 1964. Mbegu za mazao hayo zikipandwa huota, lakini watoto hutawanyika kwa sura na mavuno hushuka. Nyanya za Cal J, Rio Grande na Tengeru 97 si chotara, na hujichavusha zenyewe, hivyo mwenye bustani anaweza kuzichuma mwaka hadi mwaka. Mbegu zake huachwa na ute wake katika chombo zichachuke, siku moja tu kwenye joto la pwani, kisha huoshwa. Ute huo huzuia kuota na huweza kubeba magonjwa. Mnavu nao huota vibaya ukikaushwa pamoja na sukari ya tunda lake, na huota vizuri ukioshwa sana. Maboga yaliyo karibu na maboga ya aina nyingine huchanganyika. Kabichi huhitaji wiki kadhaa za baridi kali ndipo itoe maua, kwa hiyo anayeingojea mbegu yake Morogoro mjini atangoja bila mwisho. Sukuma wiki katika sehemu kubwa ya Kenya hupandwa kwa vichipukizi vya pembeni kwa sababu hiyohiyo, na mbegu yake hutafutwa kwenye baridi kama ya Kinale.

Kati ya mbegu ya nyumbani na ya dukani Tanzania iliweka daraja la tatu, mbegu za kuazimiwa ubora, ambazo mkulima wa kijijini huzizalisha chini ya ukaguzi na kuziuza karibu na alipo. Mchicha, mnavu, mgagani na nyanya hufaa kwa mpango huo, na zikizalishwa hivyo mnunuzi anaweza kumuuliza mzalishaji mwenyewe lini zilivunwa, zilikauka namna gani na zilikaa wapi.